Umri wa Mrushaji: Somo la Besiboli Kutoka Kijiwe cha Jeddah

Mhariri aliponiomba makala ya ukurasa huu wa masomo, nadhani alitegemea niandike juu ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, maana ndiyo kazi inayonitoa jasho kwenye hii shahada yangu. Hiyo nitaileta toleo lingine inshallah. Mara hii nataka tusome besiboli. Najua wengi mtacheka. Na mimi nilicheka siku ya kwanza.

Hapa Riyadh ukikaa na watu, mazungumzo ni soka tu. Mwaka 2023 Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudia ulichukua asilimia 75 ya klabu nne kwa mpigo, Al-Hilal na Al-Nassr za huku Riyadh, Al-Ittihad na Al-Ahli za Jeddah, na tangu hapo kila kinyozi ni mchambuzi. Desemba 2024 nchi ikapewa Kombe la Dunia la 2034, ndo usiseme. Lakini utafiti wangu hunipeleka Jeddah kila baada ya miezi miwili kuchukua vipimo, karibu kilomita 950 kwa basi, na huko nina kijiwe changu cha Wanaafrika Mashariki pale kandokando ya bahari. Tunatandika mkeka jioni, chai ya maziwa, mazungumzo mpaka usiku wa manane. Kwenye kijiwe hicho kuna Mganda mmoja, mlinzi wa ghala, tunamwita Ssebo. Yeye soka hana habari nayo. Yeye anafuatilia warushaji.

Tuanze na somo lenyewe basi. Kama ulisoma shule ya msingi ukaona wasichana wakicheza raunda, umeshaelewa nusu ya besiboli. Mrushaji anasimama juu ya kijituta, anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149, mgumu kama jiwe. Kutoka kwenye tuta mpaka kituo cha mpigaji ni mita 18.44. Sasa chukua kalamu. Mpira wa kilomita 145 kwa saa ni kama mita 40 kwa sekunde. Mrushaji ana mkono mrefu na hatua ndefu, kwa hiyo anauachia akiwa ameshasogea mbele, unabaki na mita 17 hivi. Gawa. Unapata sekunde 0.42. Ndani ya muda huo mpigaji aone mpira, aamue, na gongo lifike. Kupepesa jicho tu kunakula sehemu nzuri ya muda huo.

Uwanja wa watoto wa miaka 11 na 12 ni mfupi, mita 14 tu. Ndiyo maana mtoto anayerusha kilomita 112 kwa saa anamtisha mpigaji wa rika lake sawasawa na mtu mzima anayerusha 147 kwenye uwanja mkubwa. Piga hesabu mwenyewe: 18.44 gawanya kwa 14.02, zidisha kwa 112. Na hapo ndipo utaelewa kwa nini mtoto wa miaka 14 akipenyezwa kati ya wa miaka 12 anaharibu mashindano yote. Ilitokea Marekani kwenyewe mwaka 2001. Danny Almonte, mrushaji wa timu ya Bronx, New York, alimaliza mchezo mzima kwenye mashindano ya dunia ya watoto bila kuruhusu mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Nchi nzima ikamshangilia. Baadaye ikagundulika alizaliwa 1987, si 1989 kama karatasi zilivyosema. Ushindi wote wa timu yake ukafutwa.

Nimelitaja hilo kwa sababu miaka kumi baadaye bili yake, kwa namna fulani, ilikuja kulipwa na watoto wa Kampala.

Ssebo hulisimulia jambo hili kama wengine wanavyosimulia fainali ya Kombe la Dunia. Julai 2011, huko Kutno, Poland, timu ya watoto kutoka Kampala iliyoitwa Rev. John Foundation ilicheza fainali ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Mpinzani wao alikuwa nani? Saudia! Yaani timu ya Dhahran, mji wa mafuta kule mashariki, watoto wa familia za kigeni, wengi Wamarekani, wanaoishi ndani ya makazi ya kampuni ya mafuta. Dhahran walikuwa wenyeji wa kudumu wa hayo mashindano, walikwenda Marekani mwaka baada ya mwaka. Waganda wakawafunga. Wangekuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kufika Williamsport, Pennsylvania, mashindano ambayo yapo tangu 1947.

Hawakufika. Marekani iliwanyima viza, kwa maelezo kwamba karatasi za umri za baadhi ya watoto hazikulingana. Nafasi wakapewa Dhahran, waliokwisha kufungwa.

Mzee mmoja wa Mombasa pale kijiweni, fundi wa majokofu, huwa anakasirika kila akisikia. "Kwani mtoto wa kijijani cheti atakitoa wapi, ndugu yangu? Sisi tulizaliwa mwaka wa mafuriko, basi!" Na ni kweli. Lakini Ssebo humjibu taratibu, "Mzee, na kama kweli mmoja alikuwa mkubwa?" Hapo kijiwe hugawanyika pande mbili na chai inapoa.

Yaliyofuata yanajulikana. Timu ya Langley, Kanada, iliyokuwa ipangwe na Waganda mechi ya kwanza, ilifunga safari hadi Uganda Januari 2012 ili mechi ichezwe hata hivyo, na Waganda wakashinda 2 kwa 1. Mwaka huo huo timu ya Lugazi ikafuzu tena, safari hii viza zikatoka, wakawa wa kwanza kutoka Afrika, na kabla ya kurudi nyumbani wakawafunga Gresham ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Uganda wakawafunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Kwa asiyejua, hiyo ni kama Dominika waje Dodoma watufunge kula ugali.

Sasa tuje kwa machipukizi wenyewe, maana ndiyo kitu Ssebo anaamkia. Saa za Riyadh na Jeddah ni zile zile za Nairobi, kwa hiyo mechi ya saa moja usiku pwani ya mashariki ya Marekani kwetu wakati wa kiangazi ni saa nane usiku, na za California zinaangukia alfajiri. Ssebo akiwa zamu ya usiku huzifuatilia kwenye simu. Klabu ya Los Angeles Dodgers ilianza kulea vijana Uganda, na mwaka 2022 ikawasaini Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Pittsburgh Pirates walimsaini David Matoma, ambaye mpira wake umevuka kilomita 150 kwa saa. Hawa wote waliingia kupitia ligi za chini, na mpaka msimu wa 2025 hakuna Mganda aliyekuwa amecheza ligi kuu. Mwafrika wa kwanza kuifikia alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, akiwa na Pirates hao hao. Mrushaji wa kwanza kutoka Afrika alikuwa Tayler Scott, naye wa Afrika Kusini, mwaka 2019.

Nilimuuliza Ssebo anampimaje chipukizi. Nilidhani atasema mwendo. Akasema, "Injinia, mwendo peke yake si kipimo. Mwendo kwa umri." Nikajiona mjinga, maana hilo ndilo ninalowafundisha vijana wa mwaka wa kwanza: namba bila namba ya kuigawia haikuambii kitu. Kilomita 138 kwa saa kwa kijana wa miaka 16 ni habari. Kwa wa 21 ni mtu wa kupunga mkono na kwenda zake. Msaka vipaji hanunui mpira wa leo, ananunua miaka ambayo mwili bado unakua. Ndiyo maana klabu za Marekani huwasaini vijana wa nje kuanzia miaka 16, na ndiyo maana miezi kumi na minane kwenye cheti inaweza kuwa tofauti ya maelfu ya dola.

Kuna jambo la pili, la kiwiko, na hili kama mtu wa mitambo linaniuma. Mkono wa mrushaji ni wenzo unaozunguka kwa kasi ya ajabu, na mzigo mkubwa unabebwa na kano moja ndogo upande wa ndani wa kiwiko. Kano hiyo ina kikomo chake kama waya wowote. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia Tommy John, mrushaji wa Dodgers, upasuaji wa kuibadilisha kwa kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, na mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Kupona ni mwaka na zaidi. Kwa ajili hiyo mashindano ya watoto yaliweka kikomo tangu 2007: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mara 85 kwa siku, na akirusha nyingi hivyo apumzike siku nne. Viwango hivyo vimepangwa kwa umri. Ukidanganya umri umedanganya na kiwiko. Mtoto anayejazwa miaka ili acheze na wakubwa anabebeshwa mirusho ya mkono usiokomaa.

Agosti 2025 nilikuwa Jeddah tena. Joto kama pumzi ya tanuri, mkeka umetulia. Siasa zilikuwa zimechacha, kwa sababu Juni mwaka huo Marekani ilizuia au kubana viza za nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na Venezuela. Julai vijana wa Cacique Mara, mabingwa wa besiboli kutoka Maracaibo, walikwenda mpaka Bogotá kuomba viza wakanyimwa, nafasi yao ikaenda kwa timu ya Meksiko. "Yale yale ya 2011," akasema mzee wa Mombasa. Mimi nikabisha. Wale wa Kampala waliulizwa juu ya karatasi zao, karatasi zinaweza kutengenezwa. Wa Venezuela waliulizwa wametoka wapi, na hilo hulirekebishi popote. Tulibishana mpaka jamaa wa meza ya pili wakatugeukia.

Ssebo alikuwa kimya. Tulipobaki wawili ndipo akatoa simu akanionyesha picha mbili. Kadi ya shule ya mdogo wake: amezaliwa 2008. Kadi ya kliniki: 2006. Kijana anarusha 138, na kuna mtu ameahidi kuja kumtazama. Mwalimu mmoja zamani alimpunguzia miaka miwili ili apate nafasi darasani, na hakuna aliyeona tatizo. Sasa nyumbani wanamwambia Ssebo atume hela watoe cheti kwa ile ya 2008.

"Injinia, wewe umesoma. Niwaambie nini?"

Nikamuuliza yeye mwenyewe anajua amezaliwa lini. Akacheka cheko la upande mmoja. Pasipoti yake ina miaka mitatu zaidi ya umri wake. Wakala aliyemleta Saudia alimwambia vijana wadogo hawachukuliwi, akamwongezea. "Mimi walinizeesha nije huku, yeye wamemrudisha utotoni aende kule. Mama yetu mmoja."

Sikuwa na jibu la haraka, na mimi si mtakatifu. Cheti changu cha kuzaliwa nilikitafuta nina miaka 19, siku nne kabla ya kufungwa kwa maombi ya ufadhili, na tarehe iliyomo aliisema shangazi kwa kukumbuka msiba wa jirani. Lakini nilimwambia ninachoamini. Uganda ina sheria ya usajili wa watu ya 2015 na mamlaka yake, NIRA, kwa hiyo cheti kikishatoka kimeingia kwenye daftari moja, na pasipoti na fomu ya viza vitasoma hapo hapo. Ile kadi ya kliniki haifi. Siku ikijitokeza, kijana hatakuwa mrushaji wa miaka 19 mwenye 138, atakuwa mwongo wa miaka 19, na mlango utafungwa hata kwa watoto watakaofuata nyuma yake. Cheti kitoke cha 2006, na mtazamaji aambiwe ukweli kabla hajapanda gari.

"Basi hatamsaini," akasema Ssebo.

"Huenda asimsaini."

Alizima simu. Tulikaa tukitazama meli zikisubiri zamu nje ya bandari. Wiki mbili baadaye, nimesharudi Riyadh, akanitumia ujumbe: mama yake alizaa hospitali ya misheni, na huko kuna daftari. Amemtumia mdogo wake nauli ya kwenda kulifungua, na amemwambia aandike chochote atakachokikuta.