Kalenda ya Miadi Mtandaoni: Saa Iliyoandikwa na Saa Iliyokusudiwa

Mtoa huduma wa Mbegani au Bagamoyo anayeweka katika tovuti yake kalenda ya kupokea miadi, iwe ya mashua, ya chumba au ya fundi, huikuta programu hiyo imekwisha kupangwa kwa desturi za nchi nyingine. Asipoibadili, mteja hulipia saa asiyoikusudia.

Kwanza ni saa za eneo. Programu nyingi huhifadhi muda kwa saa za kimataifa ziitwazo UTC, nasi tumezitangulia kwa saa 3. Katika orodha ya maeneo, letu huandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Lisipochaguliwa, safari ya 08:00 huweza kuonekana kuwa ya 05:00.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, haumo katika mashine. Kwa Kiswahili, 08:00 ni saa mbili asubuhi. Kurasa zilizotafsiriwa na programu huandika “saa 8 asubuhi”, maneno ambayo kwetu hayana maana. Na zikiandika “saa 8” tu, msomaji hufika mchana, mashua imekwisha kuondoka. Twashauri saa iandikwe kwa namna zote mbili: saa 2:00 asubuhi, yaani 08:00. Vilevile “usiku wa Ijumaa” kwa wenyeji wengi wa pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku huanza magharibi; kalenda ya tovuti huuhesabu baada ya mchana wake. Hapo itajwe tarehe, na mwezi uandikwe kwa jina, maana 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Chaguo la “kurudia kila siku” lamfaa kinyozi, halimfai nahodha. Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku. Mashua inayoelea leo saa 2:00 asubuhi yaweza kukaa juu ya mchanga saa iyo hiyo juma lijalo. Safari ziingizwe moja moja kwa kufuata jedwali la maji kujaa na kupwa.

Kwa upande wa mteja, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka muuzaji ampe nafasi ya kuyapitia maagizo yake na kusahihisha makosa kabla ya kuyathibitisha. Ukurasa unaodai malipo bila kuonyesha kwanza siku na saa, usiulipe. Ukiisha kulipa, hifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye saa hiyo, kwani ndio utakaouonyesha iwapo mashua haikukungoja.