Dondoo muhimu: binti yako anapokwenda kambi ya uraia Lubumbashi

Likizo kubwa ya Julai na Agosti ndiyo wakati wa kambi. Kutoka kwetu Kipushi hadi Lubumbashi ni kilomita 30 hivi, lakini kambi ni kulala huko, kwa hiyo mama, uliza kwanza: nani analala na wasichana? Mlango wa bweni unafungwa kwa ndani? Mwandalizi anayekunja uso kwa maswali hayo, mwache.

Andika barua ya ruhusa, weka sahihi na namba mbili za simu, na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kabla ya safari, someni Katiba ya Kongo ya 2006 pamoja, jioni, vifungu vichache tu. Kifungu cha 5: kura ni kuanzia miaka 18. Cha 102: ubunge wa taifa, miaka 25. Cha 14 kinadai usawa wa wanawake katika vyombo vya uongozi. Hicho akisome mwenyewe, kwa sauti, baba yake akisikia. Halafu mwulize: nani anamchagua gavana wa Haut-Katanga? Wengi watasema wananchi. Ni wabunge wa mkoa, na wao ndio wananchi huwapigia kura.

Kambi ikihubiri chama au mgombea, hiyo ni kampeni. Mrudishe nyumbani.

Akirudi atauliza kodi ya soko inakwenda wapi, na madini ya zinki ya Kipushi yanaleta nini mtaani. Usimwambie anyamaze, nendeni wote wawili mkamwulize mkuu wa mtaa.