Mkono wa Kushoto na Upande Uliosahauliwa

Mfikiri muuza machungwa wa Kariakoo aliyepatwa na kiharusi, damu ikakosa njia katika upande wa kulia wa ubongo wake. Baada ya majuma machache aweza kusema na kutembea, na macho yake ni mazima. Walakini akiletewa sahani ya wali hula nusu iliyo kulia tu, kisha hulalamika ya kuwa amepunjwa. Mwenziwe akiigeuza sahani, ghafula huona chakula kingine! Hunyoa ndevu za shavu moja. Na katika barabara ya Msimbazi, mkokoteni ujao kutoka kushoto haumo kabisa katika mawazo yake. Huyu si kipofu wala si mpumbavu. Sehemu ya ubongo iangaliayo upande wa kushoto ndiyo iliyoumia, hata upande ule umefutika kwake.

Kiharusi si jambo la nadra. Tangu mwaka 2003 hata 2006 matabibu waliwahesabu waliopatwa nacho. Hesabu za umri zilipokwisha sawazishwa, katika kila watu 100,000 kwa mwaka walikuwa kama 108 wilayani Hai, na kama 316 katika Dar es Salaam.

Msaada mmoja kwa usahaulifu huu ni mkono wenyewe, maana nusu ya kulia ya ubongo ndiyo iuendeshao mkono wa kushoto. Mwaka 1992 wataalamu wa Uingereza, Ian Robertson na Nigel North, walionyesha ya kuwa mgonjwa akichezesha vidole vya kushoto katika upande wa kushoto, huona zaidi vitu vya upande ule. Vidole vya kulia vikipelekwa huko huko, havileti faida. Tena mikono yote miwili ikienda pamoja faida hupotea, kana kwamba nusu nzima ya ubongo humnyang'anya mwenziwe zamu.

Hapa pana shida kwa watu wa pwani. Mkono wa kulia una kazi katika jina lake, ndio wa kulia chakula. Mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala haupokei. Basi jamaa humtilia mgonjwa kila kitu katika mkono wa kulia, kwa adabu na huruma, na ule dhaifu hulala pajani mchana kutwa. Kumbe si lazima ushike tonge. Yatosha kugonga kidole mezani upande wa kushoto, au kusukuma chungwa. Mkono uliopooza kabisa hauwezi kutumiwa hivi. Lakini ukisogea hata kidogo, kazi yaweza kuanza. Naye muuza machungwa aweza kuanza na fungu la mwisho la kushoto mezani pake, akiyahesabu kwa kidole cha kushoto kabla mnunuzi hajauliza bei.