Usiyajaze Madodoso Mwenyewe

Mwanangu S.N. wa Wandegeya,

Pole kwa uchovu. Unaandika tasnifu ya shahada ya kwanza ya sosholojia kuhusu vijana wanaouza rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara. Ulimwahidi msimamizi madodoso 80, umepata 23, na wauzaji wengi wamekufukuza wakidhani umetumwa na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Sasa mwenzako wa hosteli anakushauri mkae usiku mmoja myajaze yaliyobaki, kwa kalamu tofauti.

Kwa nini wanakukimbia

Kijana anayekaanga chapati na mayai bila kibali anajua kwamba siku yoyote anaweza kunyang'anywa meza na jiko. Halafu anatokea binti mwenye fomu, swali la kwanza: unapata shilingi ngapi kwa siku? Hata mimi ningekufukuza. Lakini huko kukataa kwao ni matokeo ya utafiti, tena mazito kuliko kisanduku chochote kilichotiwa alama. Nani alikataa, alisema nini, alimtazama nani kabla ya kunyamaza? Yaandike.

Ukiyajaza

Njia ya mwongo ni fupi. Majibu ya kubuni hulingana mno: wote wanapata karibu sawa, wote wanakubaliana. Msimamizi mzoefu ataliona hilo, kisha atakuuliza yule wa 41 ulimkuta wapi, saa ngapi. Shahada inaweza kukuponyoka, hata kufutwa ukiwa tayari kazini. Na usipokamatwa ndiyo mbaya zaidi, maana kesho mtu wa ofisini atazichukua takwimu zako na kusema hawa vijana wana pesa, watozwe. Watakaolipa si wewe wala mwenzako.

Watafiti Aidan Southall na Peter Gutkind walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago, mitaa ya Kampala, na kitabu chao, Townsmen in the Making, kikatoka miaka ya 1950. Kampala ile haipo tena. Wangeibuni mezani, leo tungeisoma wapi?

Fanya hivi

Mficha uchi hazai. Nenda kwa msimamizi wiki hii na madodoso yako 23 pamoja na daftari. Omba kupunguza idadi, na badala yake ufanye mahojiano marefu na watu kumi hivi.

Barua ya chuo na ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ziwe mkobani. Ukianza kwa kutoa karatasi yenye muhuri umeshamtisha mtu. Nenda alasiri, wateja wakiwa wachache. Nunua rolex, kaa, jitambulishe wewe ni nani na unatafuta nini. Muulize kwanza alifundishwa na nani kazi hiyo. Habari za pesa ziwe za mwisho, na akisita, ziache. Mwambie jina lake hutaliandika, kisha kweli usiliandike.

Msimamizi akikataa kupunguza idadi, omba muda, hata kama mahafali ya mwaka huu yatakupita. Niandikie akishakujibu.