Somo la Lugha: Asili na Maana ya "Kunena"

Wako watu wa Ukambani wadhanio kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani tu, na kwamba kila neno lake ni geni kwao. Sivyo. Msomaji na asikilize wazee wanapozungumza sokoni Kithyoko, katika Machakos. Kusema, kwa Kikamba, ni "kũneena". Mswahili naye ana "kunena", kwa maana ile ile. Maneno "lugha" na "hotuba" yalitoka katika Kiarabu, lakini "kunena" ni la Kibantu, na lugha hizi mbili ni za jamii moja.

Katika mazungumzo ya kila siku Waswahili wengi husema "kusema", na "kunena" limebaki zaidi katika mashairi na katika Biblia. Hata hivyo mtoto wake hajatoweka, naye ni "neno". Kama vile "kutenda" huzaa "tendo", na "kupenda" huzaa "pendo", ndivyo "kunena" huzaa "neno", yaani kitu kilichonenwa.

Tena, maana ya "neno" imepanuka. Methali yatuambia, "Penye wengi hapaharibiki neno." Hapo neno ni jambo au shauri. Mtu akikanyagwa mguu kwa bahati mbaya hujibu, "Si neno," yaani, haidhuru.

Maana nyingine yataka hadhari. Tuseme mpaka wa shamba unaamuliwa barazani, na jirani aulizwa, "Je, una neno?" Haulizwi kama anajua kuzungumza, aulizwa kama ana pingamizi. Akijibu, "Sina neno," kwa kuwa hakujitayarisha kusema, waliohudhuria watafahamu kwamba ameridhika, na mpaka utawekwa. Kama ana shaka, heri aseme, "Ninalo neno, lakini naomba nafasi nifikiri." Kwa jibu hilo haki yake haipotei.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, usiione haya lugha ya mama yako unapojifunza Kiswahili. Ukutanapo na neno gumu, kwanza litafutie ndugu yake nyumbani. Kisha uliza maana zake zote kabla ya kulitumia mbele ya watu. Wahenga walisema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."