Kilo za majani chai kwenye chati

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa chai hapa Londiani. Daftarini nina kilo za kila mwezi na milimita za mvua. Nitazionyeshaje kwenye tovuti, nami sijui kuandika programu?

Jibu: Ndugu katibu, kazi kubwa iko kwenye daftari. Nakili takwimu kwenye Google Sheets: safu ya mwezi, ya kilo, ya mvua. Andika 412, si "kilo 412". Neno likiingia kwenye seli ya namba, hesabu huharibika. Mwezi usio na rekodi uache wazi. Ukiweka sifuri, umesema hamkuchuma hata jani moja.

Kisha fungua Datawrapper, tovuti ya kuchora chati, uingize takwimu hizo. Ni bure kwa kazi kama hii, na chati zake husomeka vizuri kwenye simu. Tafadhali usirundike mvua na kilo kwenye chati moja yenye mizani miwili. Hapo msomaji hupotoshwa kirahisi mno. Chora mbili, moja juu ya nyingine, miezi ikilingana. Flourish hupendeza kwa michoro inayosogea, ila kwa akaunti ya bure data huwa wazi kwa wote, kwa hiyo ondoa kwanza majina ya wakulima.

Ukitaka kuonyesha pia vituo vya kununulia majani, viweke kwenye uMap, inayotumia ramani za OpenStreetMap. Ramani za aina hii si ngeni kwetu: jukwaa la Ushahidi lilizaliwa hapa Kenya Januari 2008, Bonde la Ufa likiwa linaungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na ripoti za wananchi zikawa alama kwenye ramani.