Kusasisha mandhari ya tovuti bila kupoteza kazi yako

SWALI: Nina duka la vitenge Rwezamenyo, Kigali. Tovuti yangu ya WordPress inanitaka nisasishe mandhari, lakini kijana aliyeitengeneza aligusa mafaili yake ili kuongeza namba ya simu na bei kwa faranga. Je, vitapotea?

JIBU: Dada yangu, kama aliandika ndani ya mafaili ya mandhari yenyewe, ndiyo, vitapotea. Sasisho hufuta folda nzima na kuweka mpya. Bidhaa, picha na kurasa hazipotei, kwa kuwa hazikai humo. Hata hivyo usiahirishe sana: masasisho mengi huziba mianya ya wadukuzi.

Kwanza chukua nakala rudufu ya mafaili na ya hifadhidata, uipakue kwenye kompyuta yako. Iliyobaki kwenye seva ileile siihesabu kuwa nakala.

Kisha mwombe kijana atengeneze mandhari mtoto. Ni folda ndogo yenye faili la style.css, ambalo mstari wake wa “Template” hutaja jina la folda ya mandhari mama. Mabadiliko yake yote ayahamishie humo; sasisho la mama haliigusi. Ukiiwasha, nembo, rangi na menyu huenda zikahitaji kupangwa upya, hivyo zipige picha mapema.

Jaribuni sasisho kwenye nakala ya tovuti. Fungua ukurasa wa malipo kwa simu, uagize kitenge kimoja hadi mwisho. Kikipita, sasisha tovuti halisi usiku, wateja wakiwa wachache.